Mageuko ya viumbe: ni nini, na ushahidi wake uko wapi hapa kwetu?

Ukipita sokoni Lusenda asubuhi, au Baraka, au Mboko, utakuta wamama wamepanga samaki kwenye beseni: ndagala, mikebuka, sangala, kuhe, na pembeni vile vidogo vya mawe vyenye rangi na mistari ambavyo watoto wanavua kwa ndoano. Wengi kati yao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Si Ziwa Kivu, si Ziwa Albert, si mto Congo, si baharini. Wako Tanganyika tu. Juu ya nini? Nani aliwaleta, na kama hakuna aliyewaleta, walitoka wapi?

Swali hilo ndilo mlango mzuri wa kuingilia somo ambalo wanafunzi wetu wa sekondari wanalisoma kwa haraka kwa Kifaransa, wanalipita kwenye mtihani, kisha wanarudi nyumbani wakiwa wamebaki na sentensi moja tu, nayo ni ya uongo: "mtu alitoka kwa nyani." Wasikilizaji wanaotupigia simu wanauliza juu ya sentensi hiyo mara nyingi. Tutaifikia. Lakini tuanze na neno lenyewe.

Neno hili maana yake nini

Mageuko ya viumbe, ile ambayo shuleni wanaita evolisyoni, ni mabadiliko ya sifa za kurithi ndani ya kundi la viumbe, kizazi baada ya kizazi. Angalia vizuri: ndani ya kundi, si ndani ya mtu mmoja. Mbuzi mmoja hawezi kuamka asubuhi amegeuka kitu kingine. Ni kundi la mbuzi ambalo, baada ya vizazi vingi, linakuwa na mbuzi wa namna nyingine kuliko wale wa mwanzo.

Ili jambo hilo litokee, yanatakiwa mambo matatu tu, na kila mkulima wa Fizi anayajua hata kama hakusoma. La kwanza, watoto wa mzazi mmoja hawafanani kabisa. La pili, mtoto anarithi sifa za wazazi: mbegu ya maharage makubwa inazaa maharage makubwa. La tatu, si wote wanaozaliwa wanafika kuzaa. Samaki anataga mayai mamia, lakini ziwa halijai samaki. Wengi wanaliwa, wengine wanakufa kwa njaa au kwa ugonjwa. Basi wale ambao sifa zao zinawasaidia kuishi pale walipo ndio wanaacha watoto wengi, na sifa hizo zinaenea. Hii inaitwa uchaguzi wa asili. Mkulima anapoweka kando mahindi yenye nafaka nene kwa ajili ya kupanda msimu ujao, yeye ndiye anayechagua. Kwenye pori na ziwani hakuna anayeketi kuchagua. Njaa, adui, ugonjwa, baridi na joto ndivyo vinavyochuja.

Waingereza wawili, Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, ndio waliotoa maelezo haya hadharani mwaka wa 1858, na mwaka uliofuata, 1859, Darwin alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya asili ya spishi. Wakati ule hakuna aliyejua ndani ya mwili urithi unapita njia gani. Leo tunajua: ni maandishi marefu yaliyomo ndani ya kila seli, yanayoitwa ADN. Kila mara yanaponakiliwa, makosa madogo yanaingia, sawa na mtu anayenakili barua ndefu kwa mkono. Makosa mengi hayana maana. Mengine yanaua. Machache yanasaidia, na hayo ndiyo yanabaki.

Mtu atasema: lakini hiyo ni nadharia tu. Hapa kuna kuchanganya maneno. Barazani, "nadharia" ni mawazo ya mtu. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyokwisha kupimwa mara nyingi na kushinda vipimo. Kwamba vijidudu vinaleta magonjwa, hiyo nayo ni nadharia, na kwa sababu yake tunanawa mikono.

Ziwa lenyewe ni darasa

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670 na kina cha mita karibu 1.470. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal la Urusi. Umri wake unakadiriwa kati ya miaka milioni 9 na milioni 12. Kwa ziwa, huo ni uzee wa ajabu. Maziwa mengi duniani yana umri wa miaka elfu chache tu.

Ndani yake mna jamii ya samaki wanaoitwa siklidi. Kuhe wetu ni siklidi, ngege ni siklidi, na wale wadogo wa mawe karibu wote ni siklidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walikusanya karibu spishi zote za ziwa hili, kama 240, wakasoma ADN zao, na mwaka wa 2021 wakachapisha matokeo: spishi hizo karibu zote ni ukoo mmoja, na ukoo huo ulipanuka humu humu ziwani, kuanzia karibu miaka milioni 10 iliyopita.

Sasa tazama jinsi watoto wa ukoo mmoja walivyotofautiana. Kuhe ni mmoja wa siklidi wakubwa kabisa duniani. Kuna mwingine ambaye akikomaa anaenea kwenye kiganja cha mtoto, na anaishi ndani ya kombe tupu la konokono. Kuna wanaokwangua majani ya mawe, wanaokula dagaa wengine, wanaochimba mchanga, wanaobeba mayai na watoto mdomoni hadi wapate nguvu. Spishi moja ya wale wa makombe, dume ana uzito wa karibu mara 12 kuliko jike, kwa sababu jike lazima aingie ndani ya kombe kutaga, na dume lazima awe na nguvu ya kubeba makombe mdomoni na kuyakusanya kwake. Mahali palipo na nafasi ya kula au ya kujificha, kuna aliyeijaza.

Spishi mpya inatokeaje? Mtu anayepiga kasia kutoka Baraka kuzunguka Ubwari anaona jibu kwa macho yake. Ufuko ni mawe, halafu mchanga, halafu mawe tena. Kuna samaki wa mawe, wanaitwa Tropheus, ambao hawapendi kabisa kuvuka mchanga: hakuna chakula chao, hakuna pa kukimbilia. Basi kundi la mawe haya na kundi la mawe yale yanakaa mbali, hayazaliani, na kila moja linabadilika kwa njia yake. Matokeo ni kwamba kuzunguka ziwa lote wamehesabiwa Tropheus wa rangi zaidi ya mia: weusi, wekundu, wenye mkanda wa njano. Wengine bado wanaweza kuzaliana wakikutanishwa. Wengine wako njiani kuachana. Zaidi ya hapo, zamani kulikuwa na vipindi vya ukame ambapo maji ya ziwa yalishuka mamia ya mita, hadi beseni kubwa za kaskazini na kusini zikakaribia kutengana. Maji yaliporudi, jamaa waliokutana hawakuwa tena wale wale.

Kuna samaki mmoja ambaye kila mvuvi anapaswa kusimuliwa habari zake, kwa sababu anaonyesha uchaguzi wa asili ukifanya kazi mwaka hadi mwaka. Jina lake la kisayansi ni Perissodus microlepis. Huyu hali majani wala dagaa: anakula magamba ya samaki wengine wakiwa hai. Anamnyemelea mwenziwe kutoka nyuma, anamng'oa magamba ubavuni, anakimbia. Mdomo wake umepinda upande. Wengine umepinda kulia, hao wanashambulia ubavu wa kushoto. Wengine umepinda kushoto, hao wanashambulia ubavu wa kulia. Mjapani Michio Hori aliwafuatilia kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka wa 1993 akaeleza alichokiona. Wale wa mdomo wa kulia wakizidi kuwa wengi, samaki wanaoshambuliwa wanazoea kulinda ubavu wa kushoto. Hapo wale wa mdomo wa kushoto ndio wanaokula vizuri, wanazaa, wanaongezeka. Wakishakuwa wengi, mambo yanageuka. Kwa hiyo hesabu inapanda na kushuka karibu na nusu kwa nusu. Hakuna chifu wa samaki anayepanga. Ni tumbo tu.

Makombe yaliyomdanganya Mwingereza

Mwaka wa 1896, kisha tena 1899, mtaalamu mmoja Mwingereza, John Moore, alikuja Tanganyika. Alishangaa kuona konokono wa ziwa hili wana makombe manene, yenye mistari na miiba, sawa kabisa na konokono wa baharini. Mwaka wa 1903 akaandika kitabu kizima kusema kwamba ziwa hili lilikuwa kipande cha bahari kilichokatika.

Wazo lilikuwa zuri, lakini halikusimama. Konokono hao ni jamaa wa konokono wa maji baridi, si wa bahari. Kilichowafanya wafanane na wale wa bahari ni kaa. Tanganyika ina kaa wake yenyewe, wenye makucha yenye nguvu ya kuvunja makombe, sawa na kaa wa baharini. Konokono mwenye kombe jembamba aliliwa, mwenye kombe nene alibaki. Na kaa mwenye makucha dhaifu alilala njaa. Vizazi kwa vizazi, huyu akaongeza ukuta, yule akaongeza nyundo. Adui wa namna moja, katika maji mawili yasiyokutana, alizaa silaha za namna moja.

Jambo kama hilo linaonekana ukilinganisha Tanganyika na Ziwa Malawi. Kule nako wako siklidi wenye midomo minene, wenye kibyongo kichwani, wakwangua mawe, na ukiwaweka pamoja na wa kwetu unaweza kusema ni mapacha. ADN inakataa. Yule wa Malawi ni ndugu wa siklidi wenzake wa Malawi, hata kama hawafanani kwa sura, na yule wa Tanganyika yuko kwenye ukoo wa hapa. Kama sura zingegawiwa tu kila mahali kwa mfano mmoja, hakuna sababu ya damu kufuata ziwa. Lakini inafuata ziwa.

Na bahari je, haina mtoto hapa kabisa? Anaye, ila Moore hakumtazama. Ni ndagala. Ndagala na lumbu ni wa jamii ya sardini, na ADN inaonyesha kwamba mababu zao walitoka baharini, wakaingia kwenye mito ya Afrika ya Magharibi kati ya miaka milioni 25 na milioni 50 iliyopita, halafu kizazi chao kikafika mpaka huku. Unapokula ndagala kwa ugali wa mihogo, unakula mtoto wa bahari aliyepoteza njia ya kurudi.

Ushahidi wa mbuzi na chatu

Si lazima kuingia maabara. Nenda kwa mchinjaji. Mguu wa mbele wa mbuzi una mfupa mmoja juu, mifupa miwili chini (kwa mbuzi imeshikamana, lakini ukitazama utaiona), halafu vifupa vidogo vya kiungo, halafu vidole. Shika mkono wako: mmoja juu, miwili chini, vidogo vya kiungo, vidole. Popo, bawa lake ni mpango ule ule, vidole vimerefushwa. Kiboko vile vile. Fundi anayetengeneza nyundo, kasia na mwavuli hatumii mbao zile zile kwa mpangilio ule ule. Lakini watoto waliorithi nyumba moja ya babu, kila mmoja anaibadilisha kidogo kwa mahitaji yake.

Wanaojua kuchuna chatu wanajua pia kwamba karibu na mkia, pande mbili za njia ya haja, kuna vijikucha viwili, na ndani yake mabaki ya mifupa ya miguu. Nyoka ana miguu ya kufanya nini? Haina safari ya kumpeleka. Ni kumbukumbu ya mababu waliokuwa nayo. Mwili umejaa kumbukumbu za namna hiyo, hata wetu: vipele vya baridi vinavyosimamisha vinyweleo, kama bado tungekuwa na manyoya ya kutupasha joto.

Tembo wanatufundisha kwamba mambo haya yanaweza kwenda mbio. Huko Gorongosa, Msumbiji, wakati wa vita vya 1977 hadi 1992, wapiganaji waliwaua tembo kwa ajili ya pembe, hadi zaidi ya tisa katika kumi wakaisha. Kabla ya vita, tembo majike wasio na pembe walikuwa karibu 18 katika 100. Baada ya vita walikuwa karibu 51. Asiye na pembe hakuwa na faida kwa mwenye bunduki, basi yeye ndiye aliyebaki kuzaa, na mabinti wengi waliozaliwa baadaye walirithi hali hiyo. Watu wa Fizi wanaokumbuka wanyama wa misitu yetu kabla ya vita hawatashangaa.

Basi, mtu alitoka kwa nyani?

Hapana. Hakuna mtu wa sayansi anayesema kwamba nyani wa leo alimzaa mtu, au kwamba sokomutu wa msitu wa Itombwe yuko njiani kuwa mtu. Wanachosema ni kwamba mtu na sokomutu ni binamu: walikuwa na babu mmoja, ambaye hakuwa mtu na hakuwa sokomutu, aliyeishi karibu miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Upande mmoja ukatutoa sisi, upande mwingine ukatoa sokomutu na bonobo. Hao wawili nao walitenganishwa na mto Congo. Sokomutu wako kaskazini na mashariki ya mto, bonobo wako kusini yake, hawavuki, na bonobo hawapo nchi nyingine isipokuwa Congo. Ni habari ile ile ya Tropheus na mchanga. ADN ya mtu na ya sokomutu zinafanana kwa karibu 98 hadi 99 katika mia.

Mifupa ya zamani nayo iko jirani zetu. Laetoli, Tanzania, mwaka wa 1978, kikosi cha Mary Leakey kilifunua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkeno, miaka milioni 3,6 iliyopita. Mwaka wa 1984, karibu na Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu ambacho kilifikisha kwenye mifupa karibu yote ya kijana mmoja wa miaka milioni 1,5 hivi: mwili mrefu kama wetu, ubongo mdogo kuliko wetu. Watu wenye sura kama yetu wanaanza kuonekana Afrika karibu miaka 300.000 iliyopita. Na hapa Congo, Katanda, kwenye mto Semliki, zilichimbuliwa ncha za mikuki ya mifupa zenye meno, za miaka kama 90.000, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Mvuvi wa Congo ni mtu wa zamani sana.

Viumbe wa katikati hawakosekani, kama wengi wanavyodai. Shida ya siku hizi ni kwamba ni wengi hadi wataalamu wanagombana nani awekwe tawi gani.

Na imani? Sisi ni redio, si kanisa wala msikiti. Ukweli wa mambo ni kwamba viongozi wa dini hawasemi kitu kimoja. Katika Kanisa Katoliki, Papa Pius wa Kumi na Mbili mwaka wa 1950 aliruhusu wataalamu kuchunguza suala la mwili wa mtu, na Yohane Paulo wa Pili mwaka wa 1996 alisema kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Roho, Kanisa linafundisha, yatoka kwa Mungu. Makanisa mengi ya kipentekoste na Waislamu wengi wa huku hawakubali kuhusu mtu, lakini hawaoni shida kuhusu samaki. Sayansi inaeleza mambo yalikwendaje. Nani yuko nyuma yake, hilo haina kipimo cha kupimia.

Sumu iliyopitia ziwa hili

Kuna jambo la uchungu ambalo haliwezi kurukwa hapa Lusenda, ambapo tangu 2015 kuna kambi ya wakimbizi wa Burundi kando ya vijiji vya wenyeji. Somo hili liliibiwa likatumiwa kugawa watu.

Mwaka wa 1858 Wazungu Burton na Speke walivuka ziwa, wakapita Ubwari, wakafika Uvira. Ghuba iliyo mbele ya Baraka bado inaitwa kwa jina la Burton. Mwaka wa 1863 Speke akaandika kitabu ambamo alidai kwamba baadhi ya watu wa maziwa makubwa ni wageni wa damu bora waliotoka kaskazini, waliozaliwa kutawala wengine. Hakuwa na kipimo chochote. Baadaye wakoloni walipima pua na vichwa, na miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho vya Rwanda. Wengine wakaongeza maneno ya kisayansi: eti jamii fulani "zimeendelea" kwenye mageuko, nyingine zimebaki nyuma. Tunajua mawazo hayo yalizaa nini kwenye nchi hizi, na bado yanatembea kwenye simu zetu kama ujumbe wa sauti.

Sayansi yenyewe inasema kinyume. Katika mageuko hakuna ngazi, kuna matawi. Ndagala hayuko chini ya kuhe. Na mwaka wa 1972 Mmarekani Richard Lewontin alihesabu tofauti za urithi za watu duniani: karibu 85 katika 100 ya tofauti hizo ziko ndani ya kundi moja, kati ya mtu na jirani yake wa kijiji kimoja. Zinazobaki kutenganisha makundi ni chache.

Mfano mzuri ni ugonjwa wa SS, ule wa chembe za damu kupinda kama mundu. Watu wanauita ugonjwa wa ukoo fulani, au uchawi. Mwaka wa 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba urithi wa SS unafuata malaria. Mtoto anayepokea urithi huo kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Anayepokea kwa wazazi wote wawili anaugua SS. Mahali penye mbu wengi, kinga hiyo iliwaokoa watu wengi kuliko ugonjwa ulivyoua, basi urithi ukaenea. Milimani kwenye baridi na mbu wachache, haukuenea. Haujui Mbembe, Mrundi, Mfuliiru wala Munyamulenge. Unajua mbu. Vijana wanaotaka kuoana wanaweza kupimwa damu kabla, na ni vizuri wafanye hivyo.

Linalotokea sasa hivi

Wazee wanakumbuka Nivaquine, ile klorokini chungu. Kidonge kilikuwa kinamaliza malaria. Halafu kikaacha kufanya kazi. Vijidudu vichache vilikuwa na kosa la kunakili lililovisaidia kutoa dawa nje ya mwili wao. Kila mgonjwa aliyemeza dawa aliua vingine vyote, akawaachia hivyo uwanja. Usugu huo ulifika Afrika ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Congo ikaacha klorokini. Tangu 2005 tunatumia dawa za mchanganyiko zenye artemisinini. Malawi waliiacha mapema, mwaka wa 1993. Kisha likatokea jambo la kushangaza: bila dawa, kuwa sugu kulikuwa mzigo wa bure, vijidudu vya kawaida vikashinda, na baada ya miaka kumi na kitu klorokini ilikuwa inaponya tena karibu wagonjwa wote waliopimwa nayo.

Sasa vijidudu vinavyoanza kuvumilia artemisinini vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na kaskazini-magharibi ya Tanzania. Ni majirani. Ndiyo maana muuguzi wa kituo cha afya anakukataza kugawa dozi ya mtoto mmoja kwa watoto wawili, au kusimamisha siku ya pili homa ikishuka, au kununua vidonge visivyojulikana vilikotoka. Dawa kidogo inaua vijidudu dhaifu na kuvipalilia vilivyo na nguvu. Mbu nao wamebadilika: sehemu nyingi za Congo wamezoea dawa ya vyandarua vya kawaida, na ndiyo sababu vyandarua vipya vinawekwa dawa ya pili.

Mihogo yetu ilipigwa hivyo hivyo. Ile mozaiki kali iliyokunja majani ya sombe ilianzia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980. Watafiti walipoisoma waligundua ni virusi viwili tofauti vilivyokutana ndani ya mmea mmoja na kubadilishana vipande, na mtoto wao akawa mkali kuliko wazazi. Ilisafiri kwa inzi weupe na kwa miti ya kupanda ambayo watu walibeba wakikimbia au wakitembeleana. Mkulima anayekata miti yake ya kupanda kwenye shina lenye majani safi anafanya uchaguzi, na anaufanya vizuri.

Na mpox. Septemba 2023, Kamituga, kwenye teritware jirani ya Mwenga, wagonjwa walianza kuongezeka kati ya watu wa machimbo ya dhahabu na wale wanaofanya biashara karibu nao. Virusi vilipopelekwa kusomwa, ADN yake ilikuwa na alama nyingi za namna moja, zile zinazoachwa na kinga ya seli za binadamu inapojaribu kuharibu virusi. Kwa hesabu ya alama hizo wataalamu walijua mambo mawili: kwamba ugonjwa haukuwa unatoka tena kila mara kwa wanyama wa porini, bali ulikuwa unapita mtu kwa mtu, na kwamba hili ni tawi jipya. Walilipa jina la Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa, na kufikia hapo tawi hilo la Kivu Kusini lilikuwa limekwisha kuvuka mpaka kuingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya.